Salamu Nilizozifupisha

Beechmont, Louisville
Jumamosi, saa tisa mchana

Riziki mwanangu,

Mwandiko huu utautambua kuwa ni wa mdogo wako Neema. Maneno ni yangu. Unajua vidole vyangu vimefungwa tangu mkanda wa mizigo ulipovivuta kule ghalani Okolona, na mkono wa kushoto hauwezi kuandika ila jina langu, tena kwa shida, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo mimi nasema na Neema anaandika. Nimemwapisha aandike yote. Amekubali kwa sharti moja, kwamba akiwa na lake la kusema ataliweka ndani ya mabano, usije ukadhani ni langu.

(Ni kweli. Hujambo dada? Hiki ni Kiswahili cha vitabu anachonifundisha Papa kila Jumamosi. Nikikosea, nisamehe. Neema.)

Wewe na mama yako mmekwenda kuaga watu wa kanisa, na mama ameahidi kukuchelewesha huko mpaka saa kumi na mbili. Nilimwomba mimi. Kesho saa moja asubuhi gari la kampuni yako mpya litakuja kukuchukua kwenda Columbus, na Jumatatu utapanda ndege kwenda Jibuti, kwenye kambi ya askari wa Amerika wanaotumwa mpaka kwetu. Nina saa tatu za kusema jambo ambalo sikulisema kwa miaka ishirini na minne. Ningeweza kukusubiri nikwambie kwa mdomo, lakini najijua. Kwa mdomo ningelifupisha.

Habari za dawa na nguo sitazigusa. Mama yako ameshabandika karatasi kwenye friji, na habari ya soksi ameiandika mara mbili.

Nianze na neno nililokurushia. Wiki mbili zilizopita tulikuwa mezani, bugali bado wa moto, ukasema, "Papa, Mama, nilisha saini. Ninaacha kazi ya Leta." Leta, ndivyo sisi wa Kivu tunavyoiita serikali, na katika nyumba yetu neno hilo hutamkwa kwa heshima iliyo karibu na ya kanisa.

Mama yako akaweka kijiko chini. "Donc unaacha? Na bima ya daktari?"

"Iko, Mama. Ya kampuni."

"Na kampuni ikimalizika?"

"Leta ya Amerika njo inaipatia kazi, Mama. Minaenda kutafsiria waaskari mwaka moja, kisha tunaona."

"Munaona nini?" nikauliza.

"Kama wanaongeza mkataba."

"Na wasipoongeza?"

Neema akacheka. "Papa iko anafanya intavyu. Riziki, mwambie unapendaka michezo gani."

Mimi sikucheka. Nilisimama nikasema, "Enda. Lakini siku watakurudisha, usinipigie simu unalia." Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Tangu siku ile hatujasemezana ila "jambo" ya asubuhi. Na Jumapili iliyopita pasta alipoita wazazi waende mbele wakuwekee mikono kichwani, mama yako alikwenda peke yake. Mimi nilibaki kwenye kiti nikiutazama mkono wangu uliofungwa, kana kwamba ndio ulionizuia. Kanisa zima liliona, nawe uliona. Kwetu mtoto haendi mbali bila mkono wa baba yake kichwani, na mimi nilikunyima mkono huo mbele ya watu.

Wanadhani nina hasira kwa kuwa unaacha kazi nzuri. Sina hasira. Naogopa, Riziki. Ninachokiogopa si kitu nilichosimuliwa. Nilikifanya mimi.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu kule milimani. Hujui kwamba niliacha kwa hiari yangu. Nilikuwa mwalimu wa Leta, mwenye namba yake katika daftari la serikali. Mshahara ulikuja ulipopenda, lakini hakuna mtu aliyeweza kuamka asubuhi akanifukuza. Barua ingepanda na kushuka ofisi nne kwanza. Mkaguzi alipokuja kunigombeza nilimjibu mbele ya watoto, na usiku ule nikalala vizuri tu.

Kisha askari wa kigeni wakaweka kambi bondeni, wakisema wanalinda amani, na kampuni moja ikatafuta watu wanaojua Kifaransa na lugha ya milimani. Nikaacha ubao nikaenda. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Tulikuwa wakalimani wawili. Mwenzangu Dieudonné alibishana na kapteni siku moja, mbele ya askari, juu ya njia ipi ilikuwa salama. Chai ya asubuhi haikuwa imepoa, Dieudonné alikuwa nje ya geti na begi lake. Hapakuwa na barua wala ofisi nne. Nilimtazama akishuka mlima, nikajifunza somo baya ambalo hakuna aliyenifundisha.

Kapteni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na salamu zetu hakuzipenda. Wewe uliondoka milimani ukiwa mdogo, kwa hiyo nikueleze. Kule watu hawaanzi na habari. Wanaulizana wameamkaje, watoto, mama wa watoto, kisha ng'ombe. Ukifika kwa ng'ombe unasikiliza vizuri, kwa sababu hapo ndipo mtu huweka yale asiyoweza kukwambia usoni. Kumwambia mgeni kwamba unaogopa ni aibu. Kumwambia mahali walipo ng'ombe wako si aibu. Mara mbili nilimtafsiria kapteni habari za ng'ombe, na mara zote mbili akanikata. "Mwalimu, sikuja kununua ng'ombe. Nipe jibu." Mara ya kwanza alisema akitabasamu.

Jumatano moja tulipanda kwenye kijiji cha juu kabisa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mjane, jina lake Nyamahoro. Nilikuwa nimemfundisha mjukuu wake kusoma. Alitoka akijifuta mikono.

"Mwalimu, mmeamka?"

"Tumeamka, Mama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Yule wenu, Riziki, bado anakula udongo?"

"Ameacha, Mama. Sasa anakula chaki yangu."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nikamuuliza ng'ombe.

"Tumewapeleka kwa wajomba," akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Tangu juzi. Ndama wamebaki, mwendo hawauwezi. Wanalia usiku kucha."

Riziki, hakuna mtu wa milimani anayemtenga ng'ombe wa maziwa na ndama wake wakati majani ni mabichi mlangoni. Anayefanya hivyo amejua kuna watu wanakuja, na ameamua kuokoa kile kinachoweza kutembea. Nilielewa palepale. Sikuhitaji kufikiri.

(Nimemwambia, "Papa, niandike tu kwamba ulifanya kosa, dada ataelewa." Amejibu, "Andika ng'ombe, Neema. Andika na ndama.")

Kapteni akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasalimia."

"Muda wote huo?"

"Ndiyo, kapteni."

"Muulize kama ameona watu wenye silaha."

Nikamuuliza. Nyamahoro akanitazama mimi, si kapteni, akasema polepole, "Sijaona mtu." Nikatafsiri kwamba hajaona mtu. Kila neno nililomtafsiria siku ile lilikuwa la kweli. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha Ijumaa.

Gari lilipogeuka alikuwa bado amesimama, akaninyooshea mkono wa kuaga. Alikuwa ametulia. Sikuelewa utulivu ule mpaka baadaye.

Kijiji kilichomwa Ijumaa alfajiri, na nyumba yake ndiyo iliyotangulia. Waliopona walisema kwamba jioni ya Alhamisi watu walianza kukimbilia msituni, wakamwita aende nao. Alikataa. Aliwaambia, "Nimeshamwambia mwalimu. Askari watakuja."

Mchana wa Ijumaa hiyohiyo kapteni aliniita ofisini, akanipa kalamu, na mimi nikatia sahihi. Miezi mitatu mingine.

Sikumaliza hata mmoja. Niliwachukua wewe na mama yako tukavuka ziwa mpaka kambini Tanzania, nikarudi kwenye ubao chini ya turubai. Mama yako aliamini tunakimbia vita, na ni kweli tulikuwa tunakimbia vita. Kitu kingine nilichokuwa nakikimbia hakukijua. Huko niliapa sitatafsiri tena neno la mtu yeyote. Nilidhani hiyo ni toba. Ulikuwa woga uleule, na safari hii aliyeubeba ni wewe.

Unakumbuka Buffalo. Unaikumbuka kwa theluji na kwa lile koti la zambarau. Mimi naikumbuka kwa chumba cha hospitali. Mama yako alikuwa amelala, mimba ya miezi saba. Ulikuwa na miaka kumi na moja na Kiingereza cha mwaka mmoja wa shule. Mkalimani wa simu alikatika mara ya kwanza, akakatika mara ya pili. Daktari akanigeukia akaniuliza kama najua Kifaransa, kama najua Kiingereza. Kifaransa nilikuwa nacho chote, na Kiingereza cha kutosha. Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Basi akainama, akakuangalia wewe.

Alisema maneno mengi, kwa upole. Alisema moyo wa mtoto umesimama. Alisema hakuna kitu mama yako alichofanya wala alichokula kilicholeta hayo. Alisema mtoto atakapotoka, mama anaweza kumshika kwa muda wote anaotaka, hakuna atakayemharakisha. Wewe ulivuta pumzi, ukashika shuka kwa vidole viwili, ukasema, "Mama, mtoto haiko tena."

Nilisikia yote yaliyobaki njiani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani, na sikuyaokota.

Ulikuwa mtoto. Mtoto hufupisha kwa sababu maneno yanamzidi uzito. Kama umewahi kujiuliza juu ya siku ile, na nadhani umejiuliza, liweke chini leo. Mtu mzima mle chumbani nilikuwa mimi. Mama yako alijilaumu miaka yote ya Buffalo kwa ndoo za maji alizozibeba, na maneno ya daktari yalikuwa mdomoni mwangu.

Jana nilimwambia yote mawili, la Nyamahoro na la hospitali. Alinisikiliza akikunja nguo zako. Kisha akauliza, "Alisema ningeweza kumushika?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukunja. Leo asubuhi aliniwekea chai kama siku zote, lakini hakukaa.

Tulihamia Columbus, Neema akazaliwa, na wewe ukakua ukitafsiria nusu ya jengo letu, shuleni, kliniki, kwa mwenye nyumba. Ulipofika miaka kumi na saba ukaniambia unataka kuisomea kazi hiyo. Nilikujibu kwamba ukalimani ni kazi ya mtu asiye na lake la kusema. Uliinuka ukaenda kujaza fomu mwenyewe. Nashukuru kwamba hukunisikiliza, na leo ndiyo mara ya kwanza nasema hivyo.

Kuna jambo jingine hulijui. Mwaka jana, tukiwa tumeshahamia hapa Louisville, nilikuja ofisini kwenu kufuatilia karatasi yangu. Sikukwambia kwamba nakuja. Nilikaa safu ya nyuma, na wewe ulikuwa dirishani na kitambulisho chako shingoni, ukimtafsiria bibi mmoja wa kwetu. Mkuu wako alikuwa amemuuliza swali dogo: anaishi wapi? Bibi akaanza na mume wake aliyefia njiani, akaenda kwa shemeji, akaenda kwa mtoto wa shemeji. Mkuu wako akatazama saa ya ukutani. Akakutazama wewe. Niliyajua macho yale, Riziki, mgongo wangu uliyajua. Nawe ukasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, bila kuomba radhi, "Hajamaliza."

Bibi akaendelea. Mwishoni kabisa ilionekana kwamba yule mtoto wa shemeji alikuwa amemtoa nyumbani tangu wiki iliyopita, na kwamba bibi hakuwa na pa kulala. Kama ungelifupisha, angeandikiwa anwani ya mtu aliyemfukuza.

Namba yangu iliitwa, nikatoka nje bila kuhudumiwa. Nilikaa kwenye gari mpaka nikaweza kuendesha.

Sasa unaelewa kwa nini niliipenda kazi yako ya Leta kuliko ulivyoipenda wewe. Watu kanisani walidhani najivunia kitambulisho. Nilichokipenda ni kwamba pale uliweza kusema "hajamaliza" na Jumatatu ukarudi kazini.

Mkataba wako mpya uliuacha mezani, na Neema amenisomea wote. Kuna mahali pameandikwa kwamba kazi inaweza kusimamishwa wakati wowote kwa manufaa ya serikali, hata kama hujakosa lolote. Nilimwambia asome tena. Nikaliona begi la Dieudonné.

(Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu Papa alikuwa ameshayakariri maneno hayo.)

Nilitaka kukwambia usiende. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Lakini jana mama yako, alipomaliza kukunja nguo, aliniambia kitu ulichomwambia jikoni. Alisema ulimwambia hivi: "Mama, wale waaskari wanaenda kuongea na watu wa kwetu, na kati yao hakuna hata moja mwenye anasikia." Nilikaa kitandani. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiomba kwamba siku ile kwa Nyamahoro angekuwepo mtu mwingine badala yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu huyo anakulia nyumbani kwangu.

Kwa hiyo sikwambii usiende. Nakwambia kitakachokupata. Utakuwa na kapteni wako, na huenda akawa mtu mzuri, na atakuwa na haraka. Hatakuambia udanganye. Atakuambia ufupishe. Utamfupishia mara moja kwa adabu, mara ya pili kwa uchovu, na mara ya tatu utajikuta unaihesabu tarehe ya mkataba huku mtu amesimama mbele yako anaongea. Siku utakapojikuta unaitazama tarehe hiyo badala ya uso wa mtu, kazi yako imekwisha, hata kama karatasi inasema imebaki miezi sita. Rudi. Usingoje wakutoe getini, na usione aibu ukitolewa kwa sababu ulisema "hajamaliza". Begi la namna hiyo nitalipokea mimi mwenyewe uwanja wa ndege, na nitalibeba.

Na lile neno la mezani nalifuta. Nipigie simu ukilia. Nipigie hata kama huna la kusema.

(Dada, kuna kitu nilikiruka. Tulipofika habari ya Buffalo katika barua hii, Papa alisimama akasema, "Na wewe Neema, tangu una miaka saba nimekufanya unisomee barua za Leta na za hospitali, nikijua kuzisoma mwenyewe. Nisamehe." Sikuandika kwa sababu barua ni yako, na kwa sababu sikujua nimjibu nini. Lakini niliapa kuandika yote. Nimemjibu sasa hivi. Nimemwambia ndiyo.)

Saa kumi na mbili inakaribia, na Neema anasema mkono unamuuma. Nimemwambia bado kidogo.

Kesho saa moja nitasimama mlangoni. Mkono wa kulia haufai, nitatumia wa kushoto, na sidhani Mungu atauliza. Uinamishe kichwa. Nitaomba kama wanavyoomba wazee wa milimani, nikitaja kila mtu kwa jina, na Nyamahoro nitamtaja. Dereva wa kampuni atapiga honi. Mwache apige.

Na huko uendako, najua kuna mambo utakatazwa kuyasema kwenye simu. Sitakuuliza uko wapi wala umemtafsiria nani. Nitakuuliza umeamkaje, umekula nini, wenzako wazima? Kisha nitakuuliza ng'ombe. Hatuna ng'ombe, Riziki, hata mkia, lakini nitauliza kila siku, na wewe utanijibu. Ukisema wamelala nyumbani, nami nitalala. Ukisema umewapeleka kwa wajomba, sitauliza la pili. Nitatafuta njia ya kukurudisha, na safari hii nitawaambia wote wanaohusika, neno kwa neno.

Baba yako

(Nimemsomea yote tangu mwanzo. Ameniambia hakuna nilichofupisha. Nasikia gari lenu nje. Mama ndiye anayetangulia kushuka, na Papa ameshasimama.)